Wanaorudi na wale waliobaki

Vitabu vinavyosimulia habari ya mutu anayerudi kwao kisha kukaa miaka mingi katika inchi ya kigeni ni vingi sana, na karibu vyote vinafuata njia moja. Mutu anashuka katika treni na valizi yake. Anatembea katika njia aliyoijua tangu utoto. Anaona nyumba imekuwa ndogo, muembe umekatwa, mama amezeeka, vijana hawamujui. Anawaza ndani ya moyo wake, na mawazo yake ndiyo kitabu. Tunasoma, tunasikia huruma, tunafunga kitabu. Hata katika seminari tumezoea kusoma namna hiyo: tunauliza yule anayerudi aliona nini, alisikia nini, alibadilika namna gani.

Leo tunataka kuuliza neno lingine. Wale waliobaki wako wapi katika kitabu? Wanasema? Ao wanasimama tu pembeni ya njia sawa miti, ili yule anayerudi apate kitu cha kutazama? Waswahili wa pwani wana mezali yao: mwenda kwao si mtumwa. Ni mezali nzuri, lakini inamutazama tu yule anayetembea. Haiulizi kama kule kwao wanamungojea, wala kama wanamwogopa.

Kwetu swali hili si muchezo wa wanafunzi. Tunaliuliza tukiwaza muji mumoja, Mutshatsha.

Wale wasioujua wasikie kidogo. Mutshatsha ni muji mukubwa wa teritware inayobeba jina lake, upande wa magharibi wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba lililozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ilipogawanywa. Reli inapita pale. Inatoka Tenke na Kolwezi, inaenda Kasaji na Dilolo, na kule mupakani inaungana na reli ya Benguela inayofika kwenye bahari, Lobito. Njia hiyo yote ilimalizika mwaka 1931, na shaba yetu ilipita mule miaka mingi, mupaka vita ya Angola ilipoikata mwaka 1975. Lakini si shaba peke yake iliyopita. Watu pia walipita, kwenda na kurudi, maana Walunda na Wachokwe wako pande mbili za mupaka, na mupaka uliwekwa bila kuwauliza.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1963, Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Tshombe. Katanga iliporudi katika Kongo, sehemu ya wajandarme wake walivuka na kuingia Angola. Mwaka 1964 Tshombe alipofanywa waziri wa kwanza, wengi wao waliitwa tena. Kisha yakaja mambo ya Kisangani ya mwaka 1966 na 1967, na njia ya Angola ikafunguka mara ya pili. Mwaka 1968, kule Angola, Nathanaël Mbumba aliunda nao chama cha FNLC. Miaka ikapita. Wakaoa kule, wakazaa kule, wakapigana katika vita za watu wengine. Na tarehe 8 ya mwezi wa tatu 1977 wakavuka mupaka wakirudi. Ndiyo vita inayoitwa ya siku 80.

Tarehe 25 ya mwezi ule wakaingia Mutshatsha. Ilikuwa siku ya Ijumaa, na katika kalenda ya Kanisa ni siku kuu ya Kupashwa Habari kwa Bikira Maria. Wakakaa mule karibu mwezi muzima, mupaka waaskari wa Zaire pamoja na wale wa Maroko, walioletwa na ndege za Wafaransa, walipowatoa. Hesabu siku, musomaji: Pasaka ya mwaka 1977 ilikuwa tarehe 10 ya mwezi wa ine. Basi siku za mateso na siku ya ufufuko ziliwakuta wakristu wa Mutshatsha chini ya bunduki za watu ambao wengi wao walikuwa watoto wa Lualaba. Si wageni. Ni watu waliojua majina ya mito, waliosalimu wazee kwa luga ya nyumbani.

Kisha serikali ikarudi, na pamoja nayo maswali: nani aliwapokea waasi, nani aliwapikia bukari, nani alicheka nao? Mama aliyempa mutoto wa dada yake sahani ya sombe alipaswa sasa kujibu juu ya sahani ile. Makumi ya maelfu ya watu wa pande zile wakakimbilia Angola. Mwaka 1978 serikali ikatangaza musamaha, na wengi wakarudi, safari hii bila bunduki, na mikeka juu ya kichwa. Na mwaka 1997 wana wa wajandarme wale, walioitwa Tigres, wakaingia tena katika Kongo kutoka Angola, wakisaidia kumuangusha Mobutu.

Tumekaa juu ya historia hii kwa sababu inabadilisha namna ya kusoma. Mutu wa Paris akisoma kitabu cha kurudi, anawaza huzuni ya yule anayerudi. Mutu wa Mutshatsha anawaza pia mulango: nani anagonga, na nikimufungulia kesho nitamujibu nani?

Tuanze na kitabu kinachojulikana kupita vyote, lile shairi refu la Aimé Césaire, Cahier d'un retour au pays natal. Lilitoka mara ya kwanza katika Paris mwaka 1939, katika gazeti linaloitwa Volontés. Wengi hawajui ya kwamba lilianzwa mbele ya kurudi. Mwandishi alikuwa mwanafunzi kule Ufaransa. Alianza kuliandika mwaka 1935 akiwa katika mapumziko Yugoslavia, kwa rafiki yake, karibu na bahari. Alirudi Martinique kukaa mwaka uleule wa 1939. Basi kile tunachosoma ni kurudi kwa mutu ambaye bado hajafunga valizi. Alirudi kwa akili na kwa hasira, miguu ikafuata nyuma.

Hatusemi hivyo ili kupunguza sifa yake. Shairi ni kubwa, na kila padri anayesoma Kifaransa anapaswa kulisoma kwa sauti, hata akichoka katikati (na atachoka). Lakini tutazame waliobaki. Muji umelala chini sawa mugonjwa; watu wake ni kundi lisilojua kulia wala kulalamika; hakuna anayefungua kinywa. Mwandishi anataka kuwa kinywa chao, na tumefundishwa kusifu tamaa hiyo. Sisi tunaisifu nusu. Mutu akisema atakuwa kinywa cha wengine, tunamuuliza kwanza kama aliwasikiliza. Katika shairi lote, yule aliyebaki ambaye tunamuona kabisa ni mama wa mwandishi, anayekanyaga masini ya kushona usiku na muchana kwa ajili ya njaa ya watoto wake. Hasemi neno. Masini ndiyo inasema. Na kusema kweli, mistari ile ya masini inapita kurasa nyingi za radi na moto zinazofuata.

Kuna pahali pengine ambapo Césaire anajishitaki mwenyewe: anamukumbuka mutu mweusi maskini katika tramu ya muji mukubwa, wanawake wakamucheka, na yeye akacheka pamoja nao. Pale anayesafiri anajiona jinsi alivyo. Kurasa zile zinaokoa kitabu katika kiburi. Tuongeze pia jambo lisilokuwa la fasihi: Césaire alirudi kweli, na alikuwa mukubwa wa muji wa Fort-de-France tangu 1945 mupaka 2001. Miaka makumi tano na sita ya kusikiliza watu juu ya maji machafu na nyumba zinazovuja! Deni la shairi alililipa katika ofisi.

Sasa tuje kwetu. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941. Alikaa kijana kwa Wabenedikto wa Gihindamuyaga katika Rwanda, akatoka, akasoma Lovanium na Louvain, akafundisha Lubumbashi; kisha, karibu na mwaka 1980, akaacha inchi akaenda Marekani, akafundisha kule mupaka uzee. Alikufa kule mwezi wa ine 2025. Hakurudi kukaa. Lakini mwaka 1989 Présence Africaine ilitoa hadisi yake Shaba deux, yenye jina la pili Les carnets de Mère Marie-Gertrude, na katika kitabu kile Mudimbe alirudi Kolwezi kwa njia yake mwenyewe. Ni njia hiyo tunayotaka kuipima.

Habari ni ya mwaka 1978. Tarehe 13 ya mwezi wa tano, wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi, mwaka mumoja tu kisha Mutshatsha. Siku sita nyuma, waaskari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kutoka mbinguni, na kesho yake Wabeleji. Dunia yote ilisikia habari za siku zile, lakini ilisikia hasa habari za Wazungu waliouawa na Wazungu waliookolewa. Kwa weusi waliokufa, na walikuwa wengi, magazeti ya Ulaya yalikuwa na mistari michache.

Mudimbe angeweza kuandika kitabu cha mwalimu anayerudi kutoka Amerika, anayesimama mbele ya kaburi la watu wengi na kuwaza. Tungekisoma, tungekisahau. Alifanya kitu kingine. Alichukua kalamu akaiweka katika mukono wa mutu aliyebaki: sera mweusi wa Wafransisko, katika nyumba ya masera Kolwezi, anayeandika kaye yake siku kwa siku wakati vita inazunguka. Wenzake wa Ulaya wana pasporti na ndege. Yeye hana pahali pa kurudi, maana yuko kwao.

Hapa ndipo tunaona nguvu ya kitabu. Mutu anayerudi anajua mwisho. Anapanga mambo nyuma yake, anachagua. Anayeandika kaye hajui kesho. Anaandika juu ya sala za asubui, juu ya mukubwa wake, juu ya kazi ndogo ya nyumba, na hajui kama bunduki anazosikia ni za mwisho ao za kwanza. Kwa hiyo kaye inatufundisha wakati namna waliobaki wanavyouishi: siku moja, kisha siku moja. Mutu wa Mutshatsha aliyepita Pasaka ya 1977 atajitambua pale, hata kama hakusoma kitabu kingine cha Mudimbe, na hata kama vitabu vingine vya Mudimbe vitamushinda. (Vinatushinda sisi pia pengine.)

Nguvu ya pili ni swali la heshima. Sera huyu anapendwa na wenzake wageni, lakini anajua ya kwamba mapendo yale yana kimo. Wakati wa hatari, muzigo wa nyumba unamuangukia, na musomaji anauliza: ni heshima, ao ni kwa sababu wengine wanaondoka? Mapadri wetu wa miaka ya 1960 walijua swali hilo. Wengi walipewa funguo za misioni siku ileile wenye misioni walipofunga mizigo. Mudimbe halisemi kwa kelele; analiacha lichome polepole.

Lakini tuseme pia yasiyotupendeza. Kwanza, sera Marie-Gertrude anawaza sana sawa Mudimbe. Mwandishi amemupa kaye, na pamoja na kaye amemupa kichwa chake mwenyewe na vitabu alivyovisoma. Kuna kurasa ambapo hatusikii tena mwanamuke wa Kolwezi, tunasikia profesa aliye mbali, usiku, akijiuliza kama alifanya vizuri kuondoka. Si uongo; pengine ndiyo sababu ya kitabu. Lakini basi yule aliyebaki anatumwa tena kubeba muzigo wa yule aliyeondoka. Pili, kaye inabaki ndani ya ukuta wa masera. Mupishi, mulinzi, mama anayeuza makala barabarani, watoto wa sité ya Gécamines: tunajua wako pale, lakini kwa sehemu kubwa hatuwasikii. Tatu, na hili ni kubwa kwetu, wale waliotoka Angola wanapita katika kitabu sawa kelele inje ya mulango. Walikuwa nao watu wanaorudi nyumbani! Walikuwa wamekaa ugenini miaka zaidi ya kumi. Hadisi ya Kolwezi isiyouliza waliwaza nini walipoona tena milima ya muchanga wa shaba, imeacha nusu ya habari inje. Hatusemi hivyo kuwatetea, maana damu ilimwangika na inajulikana. Lakini mwandishi mwenye akili ya Mudimbe angeweza kumuacha mumoja wao akae chini, aombe maji, aseme jina la kijiji chake.

Mtu atatujibu: kitabu kimoja hakiwezi kubeba yote. Ni kweli. Ndiyo maana tunahitaji vitabu vingine, na vyenye kuandikwa na watu waliokuwa ndani ya jiko. Tunacho kimoja, na kinasahauliwa. Mwaka 1965 kilitoka katika Elisabethville kitabu kidogo kinachoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichopangwa na André Yav kwa ajili ya wale waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Kiliandikwa katika Kiswahili chetu cha Katanga, bila sarufi ya shule, na mwaka 1990 mwalimu Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na maelezo. Ni historia ya muji inayosimuliwa na mutu aliyefagia nyumba za wenye muji. Wenye elimu watacheka namna yake ya kuandika. Wasicheke sana. Hakuna kaye ya namna hiyo juu ya Mutshatsha.

Kabla ya kumaliza tutaje kurudi kwingine ambako hadisi nzuri za valizi na muembe hazikuweza kukubeba. Mwaka 1992 na 1993, watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliambiwa: mwende kwenu. Walikaa kando ya reli wakingojea treni, wengine miezi, na wengi walikufa pale. Kwao ilikuwa wapi? Wengi walizaliwa karibu na mashimo ya Union Minière, baba zao pia. Walipelekwa «nyumbani» katika inchi ambayo hawakuiona na macho. Wakati neno «kurudi» linaweza kusema uongo mukubwa hivi, mwenye kuhukumu vitabu asilipokee bila kulipima. Na wale wenyeji waliobaki Kolwezi, walioona jirani akipanda treni wakanunua kitanda chake kwa bei ya chini, nao pia hawajapata mwandishi.

Sasa kuna hadisi moja ya kurudi ambayo wasomaji wetu wanaijua kupita Césaire na Mudimbe, maana wanaihubiri kila mwaka: mwana mupotevu, katika sura ya 15 ya Luka. Tunaigusa hapa kama hadisi, jinsi ilivyojengwa. Wahubiri wengi wanasimama pale baba anapomukumbatia kijana, na kanzu, na pete, na ndama. Machozi yanatoka, sadaka inapita. Lakini msimulizi hakusimama pale. Alimupeleka musomaji inje, katika giza la shamba, kwa yule kaka aliyebaki. Akampa maneno. Na si maneno mafupi! Anahesabu miaka yake ya kazi, anataja hata mbuzi ambaye hakupewa kula na rafiki zake. Baba anatoka inje kumutafuta huyu pia, kama alivyotoka kumukimbilia yule wa kwanza. Hamukaripii. Anamwambia ya kwamba vyote ni vyake, kisha hadisi inakatika. Hatuambiwi kama kaka aliingia. Katika vitabu vyote tulivyotaja hakuna kinachofanya kitu hicho: kumuacha aliyebaki atoe shitaki lake mupaka mwisho, na kutomulazimisha kufurahi.

Kwa hiyo tunasema wazi: padri ao mufratri anayehubiri sura hiyo Mutshatsha na kuishia kwenye ndama amekata hadisi vibaya, sawa mutu anayesoma Shaba deux akiacha kurasa za mwisho. Mbele yake, katika viti vya kanisa, wamekaa pamoja wale waliorudi kutoka Angola na wale ambao mashamba yao yalichukuliwa na kurudishwa na kuchukuliwa tena. Wamekaa pia makatekista walioshika sala katika vijiji wakati hakuna padri aliyeweza kufika, na ambao leo wanasalimiwa haraka na kijana aliyerudi kutoka Roma na diploma. Kijana yule ni muzuri, hatumushitaki. Lakini hadisi yake itaandikwa. Ya katekista bado.

Wafratri wa jimbo la Kolwezi wanarudi kwao wakati wa mapumziko makubwa. Tunawaomba wachukue kaye moja tupu. Mutu aliyekuwa na miaka 25 katika Pasaka ya 1977 sasa amepita 70, na kwa kawaida anapenda kusimulia jioni, kama hakuna anayemukatiza. Aulizwe nani aliongoza sala siku ile ya Pasaka, na kama kengele ililia. Aulizwe waliorudi walisema nini walipofika, walitafuta nani kwanza, walilia ao walicheka. Aulizwe yeye alibaki kwa sababu gani. Na yale anayosema yaandikwe katika luga anayosema, bila kumusahihisha Kiswahili chake.